Kilo zinapotea kati ya simu na seva na logi ziko safi kabisa. Wajuzi wa JavaScript nisaidieni

#1 Mwana wa Kirumba
Wakuu salaam.

Nahudumia mfumo wa kikundi cha wanunuzi wa dagaa na sangara hapa Mwanza. Makarani wako mwaloni Kirumba, Kayenze, Igombe, Nansio, na wengine huko kisiwani Goziba. Boti ikipimwa, karani anajaza fomu kwenye kivinjari cha simu: jina la boti, aina ya samaki, kilo, bei. Simu inapiga hesabu papo hapo, inaonyesha jumla na ushuru, halafu inatuma. Seva nayo inapiga hesabu ileile upya kabla ya kuhifadhi, kwa sababu hesabu iliyofanyika kwenye simu ya mtu huwezi kuichukua hivihivi.

Mfumo niliukuta umeshajengwa. Aliyeujenga aliweka hesabu zote kwenye faili moja, hesabu.js, linalotumika simuni na kwenye seva ya Node (programu inayoendesha JavaScript kwenye seva). Wazo lake ni zuri, fomula ya ushuru ikae sehemu moja tu.

Sasa ripoti ya saa moja asubuhi inatoka na kilo pungufu. Karani ana risiti kwenye simu, jumla iko sawa. Mwenye boti ana karatasi yake, iko sawa. Kwenye ripoti kilo ni chache. Logi za seva hazina hata mstari mmoja wa kosa, majibu yote ni 200, yaani ombi limepokelewa sawa. Konsoli ya simu kimya. Na pengo lina tabia: usiku wa mbalamwezi ni dogo au halipo, wakati wa giza dagaa wakijaa linakuwa kubwa.

Kuna mwenye boti ameshamwita karani mmoja mwizi mbele ya watu mwaloni. Karani huyo namfahamu, si mwizi. Ndiyo maana nataka sababu yenyewe, sitaki kubahatisha.

Dai langu, mnipinge mkitaka: msimbo mmoja ukikaa pande mbili hukosea kimya, kwa kuwa kila upande unaamini mwenzake ameshakagua. Nyie mngeanza kutazama wapi?

#2 Sato wa Kukaanga
Ngoja waje wenye taaluma. Nafuatilia kwa karibu, shemeji yangu ni karani na yeye ameshasemwa hivyohivyo.

#3 Dada Konsoli
Anzia pale data inapogeuzwa kuwa JSON, yaani maandishi yanayosafiri kati ya simu na seva. Pale JavaScript inameza vitu bila kulalamika.

Karani akiandika 1,250 pamoja na koma, Number("1,250") inakupa NaN, yaani "si namba". NaN ikipita kwenye JSON.stringify inatoka null, yaani hakuna thamani. Seva inapokea null, kanzidata inahifadhi null, na SUM ya SQL inairuka kana kwamba mstari ule haupo. Hatua nne, na hakuna hata moja iliyokohoa. Kama thamani ni undefined ndiyo mbaya zaidi, ufunguo wenyewe unatoweka kwenye JSON.

Pima hivi: SELECT COUNT(*), COUNT(kilo) kwenye jedwali la mizani. COUNT(kilo) haihesabu null. Namba mbili zikitofautiana, umeshapata pa kuanzia.

#4 Mhandisi wa Zamu
Dada Konsoli, nakubali mnyororo wako lakini una mashimo mawili.

Kwanza, ingekuwa NaN, risiti ya simu ingeonyesha NaN. Mleta uzi kasema risiti iko sawa. Pili, inategemea uga wenyewe umeandikwaje. Kama ni type="number", kivinjari kikiona maandishi kisichoyakubali kinarudisha maandishi matupu. Na Number("") si NaN, ni 0. Hapo COUNT zako zitalingana vizuri kabisa huku kilo zimekuwa sifuri. Atafute null na sifuri zote mbili.

Na kama kuna mtu aliandika Number(x) || 0 ili "kuwa salama", huyo amezika NaN zote hapohapo simuni. Hiyo || 0 mimi nikiikuta kwenye hesabu za pesa naifuta kabla sijasoma mstari unaofuata.

#5 Kijana wa Sengerema
Mnaenda mbali. Huu ni wakati, wakuu.

Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC. Boti ikipimwa Kirumba saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 6, kwa seva ni saa 5 usiku wa tarehe 5. Kwenye hesabu.js bila shaka kuna fanksheni ya "leo ni tarehe ngapi" inayotumia getDate(). Simuni inajibu 6, kwenye seva inajibu 5. Mstari uleule, majibu mawili, na yote ni sahihi kwa mashine iliyojibu.

Sasa unganisha na dagaa. Mbalamwezi ikiwaka boti nyingi za dagaa hazitoki. Giza likiingia zinatoka zote na taa zao, na zipo zinazorudi kupima kabla hakujapambazuka. Kila kilo iliyopimwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku inaandikwa jana. Pengo la mleta uzi linafuata mwezi wa angani, halifuati koma.

#6 Mhandisi wa Zamu
Kijana umesema vizuri, ila hapo kilo hazipotei, zinasogea siku moja nyuma. Jumla ya mwezi ingekuwa sawa, labda ipungue kidogo kwenye tarehe za mwanzo na mwisho.

#7 Kijana wa Sengerema
Kaka, ripoti ya jana ilichapishwa jana saa moja asubuhi. Kilo zilizoingizwa kwenye jana baada ya hapo nani anarudi kuzitazama? Na jumla ya mwezi inatoka wapi? Mleta uzi atuambie, kuna watu wanajumlisha ripoti za kila siku badala ya kwenda kwenye jedwali.

#8 Mwana wa Kirumba
Asanteni. Nimeangalia haraka:

Ya #7 ni kweli, jumla ya mwezi inatokana na ripoti za siku. Kwa hiyo hoja ya mwezi haimuangushi Kijana.

Ya #4 pia: risiti inaondoa koma kabla ya kuonyesha, ila kinachotumwa ni kile alichoandika karani, koma ikiwemo, kikipitishwa kwenye Number. Uga ni wa maandishi ya kawaida, si type="number". Kwa hiyo risiti inaweza kuwa sawa huku null inaondoka kwenda seva. Nitaleta majibu ya COUNT usiku, seva siigusi mchana wakati watu wanauza.

#9 Jiwe la Bismarck
Nilijua tu. Null ndiyo jibu, fungeni uzi.

#10 Bibi Seva
Usifungwe. Kuna jambo hakuna aliyeligusa na ndilo la kwanza kulitazama msimbo unapotumika pande mbili.

Mwana, fungua hesabu.js uangalie mistari ya juu kabisa, nje ya fanksheni zote. Kuna let jumla = 0, au safu tupu inayojazwa polepole? Kama ipo, sikiliza.

Simuni faili hilo linapakiwa na ukurasa. Simu moja, karani mmoja, jumla moja. Ukurasa ukifungwa, kila kitu kinafutika. Aliyeandika alijaribu kwenye kivinjari chake, ikafanya kazi, na ataendelea kuiona ikifanya kazi maisha yake yote. Kwenye seva faili hilohilo linapakiwa mara moja tu Node inapowashwa. Ile jumla sasa ni ya kila mtu. Ni daftari moja la mzani ambalo makarani wote wa ziwa wanaandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja.

Tazama inavyokwenda. Ombi la Nansio linaingia, linaweka jumla = 0, linaongeza 300, linasimama kusubiri bei kutoka kanzidata. Wakati linasubiri, la Kayenze linaingia, linaweka jumla = 0. Zile 300 zimekwenda. Kayenze anaongeza 200, naye anasubiri. Nansio anarudi, anaongeza 100 zilizobaki, anahifadhi 300 badala ya 400. Hakuna kosa. Jibu ni 200. Logi safi.

Mbalamwezi ikiwaka makarani wawili hawagongani. Giza likiingia wanagongana usiku kucha. Kwa hiyo na mimi nina mwezi wangu wa angani, Kijana.

#11 Jiwe la Bismarck
Bibi shikamoo, ila hapa hapana. Node ina uzi mmoja wa utekelezaji. Maombi mawili hayawezi kuendeshwa kwa pamoja, hivyo hayawezi kuchanganyana. Hilo ni tatizo la lugha nyingine.

#12 Bibi Seva
Marahaba mwanangu. Uzi ni mmoja, ni kweli. Lakini kila penye await (neno la kusubiri jibu), ombi linaachia zamu na jingine linaingia. Hayaendeshwi kwa pamoja, yanapokezana, na kupokezana kunatosha kuharibu. Kama fanksheni ingeanza na kumaliza bila await hata moja katikati ungekuwa sahihi. Ya mleta uzi inasubiri bei katikati, nina hakika, maana bei haikai kwenye simu.

#13 Mhandisi wa Zamu
Malizia mfano wako Bibi. Kayenze akirudi anakuta 300, anaongeza 50 zake zilizobaki, anahifadhi 350 badala ya 250. Huyo kazidishiwa kilo 100. Kwa nadharia yako, kila anayepungukiwa pana uwezekano kuna mwingine aliyezidishiwa. Mleta uzi kazungumzia upungufu tu.

#14 Bibi Seva
Nani ataleta malalamiko kwamba kazidishiwa?

#15 Sato wa Kukaanga
Hapo Bibi kamaliza kila kitu 😂

#16 Mhandisi wa Zamu
Sijamalizwa. Karatasi za boti zote zikusanywe, hata za wasiolalamika. Bila hizo nadharia ya #10 haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa.

#17 Ukerewe Halisi
Habari zenu. Mimi si mtu wa programu, ni karani Nansio, ila mfumo mnaouongelea nadhani nautumia. Niseme tunavyofanya, labda itasaidia.

Saa ya kupima tunaandika wenyewe kwenye fomu. Mimi boti ikija saa 8 usiku naandika 8:00, mwenzangu wa zamu nyingine anaandika 2:00 kwa sababu alifundishwa saa za kompyuta. Hatujawahi kuambiwa ipi.

Mtandao ukiwa mbovu kile kiduara kinazunguka tu, tunabonyeza Tuma tena. Wakati mwingine inasema "Imetumwa" na mimi naona kabisa simu haina mtandao hata kidogo.

Ukurasa wenyewe sisi hatuufungi. Ukiufunga kuufungua tena kunakula bando na muda, na boti zimepanga foleni.

#18 Dada Konsoli
Kaka Ukerewe, ujumbe wako mmoja una thamani kuliko nadharia zetu zote hapo juu. Ubarikiwe.

#19 Kijana wa Sengerema
Saa 8 usiku ikiandikwa 8:00 inakuwa saa mbili asubuhi, baada ya ripoti ya saa moja kutoka. Wakuu, hapa kuna makosa mawili ya wakati yanavutana: moja linarudisha kilo jana, jingine linazipeleka mbele. Karani wa saa za Kiswahili na karani wa saa za kompyuta hawawezi kupata pengo linalofanana hata wakipima boti zilezile.

#20 Nyakato Dev
Mimi nimeganda kwenye "Imetumwa" bila mtandao. Hapo pana jambo.

Kuna mambo mawili watu huyachanganya kuhusu fetch, ile amri ya kutuma ombi kwa seva. Seva ikijibu 500 au 404, fetch haichukulii kuwa ni kosa. Ahadi yake (Promise) inatimia vizuri, ni wewe unayetakiwa kuangalia response.ok. Mtandao ukikosekana kabisa ndipo inakataa. Na hapo ndipo utakuta try yenye catch tupu, inayonasa kosa bila kufanya chochote, kisha mstari wa chini yake unaandika "Imetumwa" kwa hali yoyote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na catch tupu ndiyo mficha maradhi mkuu kwenye kazi yetu.

Mleta uzi anasema logi ziko safi, majibu yote 200. Logi ya seva inaandika maombi yaliyofika. Yasiyofika yataandikwa na nani? Kwa hiyo usafi wa logi usimtulize mtu hapa.

#21 Mpiga Mbizi
Na Node yenyewe inanyamaza, ahadi ikikataliwa bila mtu wa kuishika haisemi chochote.

#22 Nyakato Dev
Hapana mkuu, hiyo ni ya zamani, na hata zamani ilitoa onyo. Tangu toleo la 15, mwaka 2020, ahadi iliyokataliwa bila kushikwa inaangusha mchakato mzima. Ila sasa angalia: kama kuna programu inayoiwasha Node upya kila ikianguka, seva inarudi haraka, na maombi yaliyokuwa njiani wakati huo yamekatika. Simuni yanaangukia kwenye catch tupu. Mwana angalia seva imejiwasha mara ngapi usiku wa giza. Hiyo haipo kwenye logi za maombi, ipo kwenye logi ya hiyo programu inayoisimamia.

#23 Dada Konsoli
Niongeze kwenye hili la ukurasa usiofungwa. Ukurasa ukikaa wazi muda mrefu, au kukiwa na savisi woka inayotoa faili kutoka kwenye kashe (nakala zilizohifadhiwa simuni), simu ina hesabu.js ya zamani na seva ina mpya. Tunasema "msimbo mmoja" lakini ni matoleo mawili ya msimbo mmoja. Seva ikitumia laibrari ya kukagua umbo la data, mfano Zod, kwa kawaida inakata kimya kila ufunguo usiotajwa kwenye umbo lake. Simu ya zamani inatuma jina la zamani la uga, seva inalikata, na kama jina jipya halikuwekwa kuwa la lazima, inaendelea mbele. Na TypeScript haikusaidii hapo, taipu zake hufutika msimbo ukitafsiriwa, hazipo kabisa wakati wa kuendesha.

Mwana, kuna uga uliobadilishwa karibuni?

#24 Mwana wa Kirumba
Upo. Uliongezwa uga wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) kwa boti za sangara, kwa sababu mabondo yana bei yake.

#25 Kijana wa Sengerema
Mabondo ni ya sangara. Pengo ni la dagaa. Hiyo haihusiki.

#26 Dada Konsoli
Haihusiki na pengo la dagaa, inahusika na kama simu za visiwani zina msimbo wa zamani. Kama rekodi za sangara za Goziba zinafika bila mabondo, basi zile simu bado ziko kwenye toleo lililopita, na hapo kila kitu tunachokisoma kwenye faili la leo si kile kinachoendeshwa kule. Tunachunguza faili lisilohusika.

#27 Sato wa Kukaanga
Mimi naomba kuuliza nje ya mada kidogo, siku hizi bado kuna watu wanatumia karabai au wote wamehamia taa za sola?

#28 Ukerewe Halisi
Karabai zipo ila zimepungua. Mafuta ya taa ghali. Taa za sola hazizimwi na upepo hovyo, na kioo hakipasuki maji yakirukia.

#29 Mpiga Mbizi
Hata hizo taa zikiisha chaji unaona mwenyewe zimefifia. Mfumo wa mleta uzi haufifii, unaonyesha "Imetumwa" tu.

Halafu turudi kwenye shina. Kwa nini mtu aweke msimbo mmoja simuni na kwenye seva? Kabla ya Node mwaka 2009 kila upande ulikuwa na lugha yake na watu walifanya kazi. Seva iandikwe PHP, simu JavaScript, kila mtu na hesabu yake, ukilinganisha tofauti unaiona mapema.

#30 Bibi Seva
Mbili hapo. Ya kwanza, JavaScript kwenye seva haikuanza na Node. Lugha ilitoka 1995 kwa mkono wa Brendan Eich pale Netscape, na Netscape wenyewe waliiweka kwenye seva yao miaka hiyohiyo ya tisini. Node ya Ryan Dahl ndiyo iliyofanya watu wengi waipokee.

Ya pili, fomula mbili kwa lugha mbili si dawa. Zitatofautiana siku ushuru ukibadilika, na hapo utapata tofauti kati ya karani na ripoti kila usiku, giza na mbalamwezi. Faili moja ni sahihi. Ila lililo ndani yake liwe hesabu tupu: namba zinaingia, namba zinatoka. Lisiulize saa, lisiulize tarehe, lisikumbuke jumla ya jana, lisiulize kama window ipo (hiyo huwa kwenye kivinjari, kwenye seva haipo). Saa apewe kama kigezo na aliyeliita.

#31 Mpiga Mbizi
Hapo kwenye window nimekuelewa. Nimeshakutana na faili lenye if (typeof window !== "undefined") likizunguka ukaguzi wote wa fomu. Simuni linakagua, kwenye seva linaruka hadi mwisho na kurudisha "sawa". Aliyeandika alitaka tu lisianguke kwenye seva.

#32 Jiwe la Bismarck
Naleta jingine, na hili nimelipima kwa mikono yangu. Mwana, kitambulisho cha rekodi kinaundwaje?

#33 Mwana wa Kirumba
Date.now() (muda wa sasa kwa milisekunde) ikifuatiwa na namba ya karani yenye tarakimu nne, kisha inageuzwa kuwa namba. Mfano karani 15 anakuwa 0015 mwishoni. Ripoti ya kila mwalo inasoma zile tarakimu nne kujua kilo ni za nani.

#34 Jiwe la Bismarck
Basi nisikilizeni. Date.now() sasa ina tarakimu 13. Ukiongeza nne ni 17. Namba kamili za JavaScript ni za kuaminika mpaka 9007199254740991, ambayo ina tarakimu 16. Ukipita hapo, mpaka mara mbili yake, JavaScript inaweza kushika namba shufwa tu. Andika 9007199254740993 kwenye konsoli uone inakurudishia ngapi. Inakurudishia 9007199254740992 bila neno.

Kwa hiyo kila kitambulisho cha mfumo huo ni shufwa. Karani 14 yuko salama. Karani 15 hayupo kabisa! Kilo zake zinaandikwa 16, maana hapo witiri huangukia kwa jirani anayegawanyika kwa nne. Kilo hazipotei, zinahama mwalo.

#35 Mhandisi wa Zamu
Hii ni nzuri na inapimika leo hii. SELECT ya vitambulisho vyote ambavyo ni witiri. Ikirudisha mistari sifuri, Jiwe yuko sahihi kuhusu kuhama.

Lakini haielezi mwezi wa angani. Karani 15 angepungukiwa usiku wote, giza na mbalamwezi.

#36 Jiwe la Bismarck
Usiku wa mbalamwezi karani anapima boti ngapi? Pengo dogo la kilo chache nani analiona? Giza likiingia ni magunia, ndipo watu wanaanza kutukanana.

#37 Nyakato Dev
Hoja hiyo inafaa kwa nadharia zote za uzi huu, Jiwe. Kila kinachopoteza kwa asilimia kitaonekana kikubwa wakati wa giza. Mwezi hautuchagulii mshindi.

#38 Kijana wa Sengerema
Unanichagulia mimi. Yangu inahitaji saa 6 hadi saa 9 usiku, si wingi tu. Mwana apange pengo kwa saa.

#39 Mwana wa Kirumba
Nimerudi na majibu, asanteni kwa subira.

COUNT(*) na COUNT(kilo) zinatofautiana. Null zipo, na mistari yake mingi ni ya makarani wanaopima sangara kwa kilo elfu na zaidi, ambao ndio wenye sababu ya kuandika koma. Dada Konsoli upo sahihi kwa hizo. Ila dagaa wanapimwa kwa ndoo na magunia, namba ndogo, koma hamna. Null hazilifuniki pengo la dagaa.

Nilipopanga ripoti kwa saa za Africa/Dar_es_Salaam badala ya UTC, sehemu ya kilo za dagaa zilirudi siku yake. Si zote. Na kwa Nansio ilizidi kuharibika, nadhani ndiyo yale ya 8:00 na 2:00 ya #17.

let jumla = 0 ipo juu ya hesabu.js, Bibi. Na await ya bei ipo katikati. Nimeomba karatasi za boti zote kama alivyosema Mhandisi, hata za wasiolalamika. Wengine wananikatalia waziwazi.

Seva imejiwasha upya usiku, zaidi ya mara moja. Sababu yake sijaiona bado.

Vitambulisho witiri: hakuna hata kimoja. Na karani aliyeitwa mwizi namba yake ni 37.

#40 Sato wa Kukaanga
37 ni witiri. Mkamwombe radhi huyo mtu mbele ya walewale waliosikia akitukanwa.

#41 Jiwe la Bismarck
Mimi nimesema.

#42 Mhandisi wa Zamu
Polepole. Mwana, 37 inaangukia 36, je, karani 36 amezidishiwa? Kama namba hiyo haina mtu, kilo za 37 zimekwenda kwa karani asiyekuwepo na ripoti ya mwalo imeziacha. Kama ina mtu, karatasi zake zitasema. Usirekebishe kitambulisho kabla ya kujibu hilo, ukirekebisha sasa hivi utafuta ushahidi wa mtu aliyeharibiwa jina.

Na kuanzia usiku huu seva irudishe jumla iliyoihesabu, simu ilinganishe na yake kabla ya kuandika "Imetumwa". Zikitofautiana iandike namba zote mbili kwenye skrini. Hilo halihitaji tukubaliane nani yuko sahihi.

#43 Bibi Seva
Naunga mkono, ila kwa nadharia yangu ulinganishe jumla ya ombi hilohilo, si ya siku. Na ile jumla ya juu ihamie ndani ya fanksheni leo, hiyo haina ushahidi wa kutunzwa, faili la zamani lipo kwenye Git.

#44 Ukerewe Halisi
Namba yangu ni 22 na mimi pia napungukiwa. Sasa mimi ni wa nadharia ipi?

#45 Kijana wa Sengerema
Ya kwangu kaka, unaandika 8:00.

#46 Nyakato Dev
Au ya kwangu, unaona "Imetumwa" bila mtandao. Kaka, ikitokea tena piga picha ya skrini ionyeshe saa ya simu na mtandao, umtumie Mwana kabla hujabonyeza mara ya pili.

#47 Ukerewe Halisi
Sawa. Mwezi unapungua, wiki hii boti zinaanza kutoka.

#48 Mwana wa Kirumba
36 ipo, ni karani wa Igombe. Naenda Igombe kesho kumwomba karatasi zake.

#49 Sato wa Kukaanga
Igombe? Ngoja nimpigie shemeji nimuulize namba yake.